Acheni waganga na wauguzi wakae pamoja wapatane bei na wenye kulipa

Swali moja limerudi sana hewani kuliko mengine yote katika kipindi cha afya: "Kadi yangu nimeilipia, kwa nini muuguzi anaiangalia kama karatasi ya kufungia karanga?"

Aliyeuliza safari ya mwisho alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa kwa muuguzi. Alimwita mwizi. Wengine wakapiga simu kuongezea: mmoja aliambiwa dawa zimekwisha kwa wenye kadi lakini zipo kwa wenye pesa mkononi, mwingine aliombwa anunue glavu na sindano wakati kadi ilisema kila kitu kimelipwa. Nayaamini yote. Lakini nasema hivi, na najua wengi hawatapenda: tunampiga mtu asiyehusika. Mwenye kosa ni yule aliyeandika bei kwenye mkataba akiwa mbali, akaileta ikiwa imekwisha kujazwa, akamwambia muuguzi: weka saini hapa, la sivyo tunakwenda kwa mwenzako.

Tuelewane kwanza ni nani ninayemsema. Zoni ya afya ya Salamabila ni moja kati ya zoni 18 za Maniema. Kama zilivyo zote, ina hospitali, ina vituo vya serikali na vya makanisa, halafu ina vile vituo vidogo vilivyofunguliwa na muuguzi au daktari kwa mfuko wake: chumba cha kupimia, vitanda viwili vitatu, sanduku la dawa. Huyu hana bosi. Serikali haimlipi. Na hata katika vituo vya serikali wamo wauguzi wengi ambao hawana namba ya mshahara, wanaokula kwa kile anacholeta mgonjwa. Kwa karatasi ni watu wa serikali, kwa tumbo ni watu wa kujitegemea. Nikisema waganga na wauguzi wa kujitegemea, ninawasema hawa wote.

Na mwenye kulipa ni nani? Zamani alikuwa mgonjwa peke yake, na mara nyingi bado ni yeye. Lakini polepole wameingia wengine. Kuna mutueli za afya, zinazotawaliwa na sheria ya Februari 8, 2017: watu wanachanga, mutueli inalipa kituo. Kuna miradi ya kununua huduma. Maniema tuliijua kwa mradi wa PDSS wa Banki ya Dunia, ambapo taasisi ya mkoa, EUP-FASS, iliandikiana mkataba na vituo na kulipa kwa kazi iliyofanyika. Kuna mashirika ya misaada yanayolipa kituo ili mhami atibiwe bure kwa miezi kadhaa. Na sasa kuna ule mpango mkubwa wa serikali, afya kwa wote, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 kwa kuanza na uzazi wa bure, ambao mfuko wake unaitwa Fonds de Solidarité de Santé. Mpango ukifika kweli mpaka kituo cha mwisho cha msituni, huo mfuko ndio utakuwa mteja mkubwa kuliko wote.

Majina ni tofauti, lakini tabia ni moja. Kila mmoja wao ni mkubwa, na kila mmoja anakuja kwa muuguzi mmoja mmoja.

Hapa Salamabila hatuhitaji profesa wa uchumi atueleze maana yake. Tumeiona kwenye dhahabu. Mchimbaji anatoka shimoni na gramu yake, ana njaa, ana deni la yule aliyemkopesha koleo na unga. Mnunuzi ana mizani, ana pesa, ana subira. Mnunuzi ndiye anayetaja bei. Mchimbaji anaweza kukataa, ndiyo, ana uhuru kamili wa kukataa na kulala njaa. Sasa mbadilishe mchimbaji awe muuguzi, mnunuzi awe mutueli au mfuko. Ndiyo mazungumzo yote ya bei ya afya yanavyofanyika kwetu.

Serikali yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili kwenye dhahabu. Kodi ya madini iliyorekebishwa na sheria ya Machi 9, 2018 inamtaka mchimbaji wa mikono awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Haimwombi, inamlazimisha. Najua kooperative nyingi ni za wakubwa na mchimbaji anabaki palepale, nimeripoti hayo mpaka nimechoka. Lakini angalia wazo lenyewe: serikali inasema mtu mdogo asimame na wenzake mbele ya mnunuzi. Basi kwa nini anayechimba dhahabu alazimishwe kukusanyika, na anayezalisha mama zetu usiku kwa mwanga wa tochi abaki peke yake?

Sheria nazo zinamwacha katikati ya barabara. Waganga wa serikali wana sendika zao, kama SYNAMED, ambazo mara nyingi zimekaa na serikali kuzungumzia prime na vyeo. Mfanyakazi wa kampuni analindwa na Kodi ya Kazi ya Oktoba 16, 2002, inayomruhusu kuwa na sendika na kufanya mapatano ya pamoja. Wa kujitegemea hana mwajiri, kwa hiyo hana mlango wa kuingilia huko. Mbele ya sheria yeye ni kama mfanyabiashara. Na wafanyabiashara wana sheria yao ya Julai 9, 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, inayokataza washindani kupatana ili wapange bei. Ni sheria nzuri. Imewekwa ili wenye maghala ya simenti na mafuta wasituumize. Lakini wauguzi kumi wa Salamabila wakikaa chini ya mwembe na kuandika barua moja kwa mutueli, wakisema kwa bei hii hatuwezi, mwanasheria wa mutueli anaweza kuwainulia sheria hiyohiyo kana kwamba wao ndio wenye maghala.

Mnunuzi ni mmoja, wauzaji ni wengi na maskini, na sheria inawaogopa wauzaji!

Sasa nieleze bei mbaya inafanya nini, kwa sababu hapa ndipo msikilizaji mwenye kadi anapoingia. Chukua kujifungua kwa kawaida. Mkataba unasema kituo kitalipwa kiasi fulani, na ndani ya kiasi hicho kuna glavu, uzi, dawa ya kuzuia damu, sabuni, mafuta ya taa au betri, na jasho la mkunga. Kiasi hicho kimepigiwa hesabu mjini. Mjini dawa inatoka duka la jumla mpaka kituoni kwa mkokoteni. Kwetu inatoka Kindu, Kasongo au Bukavu, inabebwa kwa pikipiki, inapita matope, inapita vizuizi ambavyo kila kimoja kina mkono wake, na mvua ikikata barabara inakaa njiani. Ikifika Salamabila si bei ileile. Mkataba haujui barabara.

Halafu kuna kuchelewa, na hili ni baya kuliko bei ndogo. Muuguzi anatibu mwezi huu, anaandika fakture, fakture inakaguliwa, inarudishwa kwa sababu saini imekosekana, inatumwa tena. Wakati huo sanduku la dawa limekuwa tupu na mwenye duka la dawa hataki kusikia habari ya fakture.

Muuguzi afanye nini? Akubali hasara mpaka afunge, au atafute njia ya pembeni. Njia ya pembeni ndiyo ile mnayoipigia simu: glavu ununue mwenyewe, dawa zimekwisha kwa wenye kadi, rudi kesho. Na tukifika kwenye upasuaji hospitalini, njia ya pembeni inakuwa mama kuzuiwa na mtoto wake wodini mpaka ndugu walipe. Kongo nzima inajua habari hiyo, hakuna mkoa ulio safi.

Kwa mhami ni mara mbili. Mwenyeji akiambiwa "kadi haifanyi kazi leo" anaweza kuuza kuku, anaweza kukopa kwa mjomba. Aliyekimbia mapigano ya Malaika na jeshi akaingia Salamabila na godoro kichwani hana kuku wa kuuza, na mjomba naye amelala kwenye darasa la shule. Zaidi ya hapo, tangu kampuni ya Banro isimamishe kazi Namoya mwaka 2019, hata familia zinazowapokea wahami zimepungukiwa. Kadi iliyokataliwa kwa watu hawa maana yake ni mtoto kurudishwa nyumbani na homa.

Kwa hiyo ninaposema waganga wapewe haki ya kupatana pamoja, siombi kwa niaba ya waganga. Wao wana midomo. Naomba kwa sababu mkataba usio na haki kwa muuguzi haumtibu mgonjwa.

Najua jibu litakalotoka Kindu na Kinshasa, kwa sababu nimelisikia: "Mkiwaruhusu wakae pamoja watapandisha bei, watagoma, na maskini ndiye atakayeumia." Jibu hili halistahili kudharauliwa. Waganga si malaika, na sisi wa Salamabila neno hilo tunajua linaweza kubeba bunduki. Wapo wenye tamaa. Wapo wanaokata watu bei ya ajabu wakiona simu nzuri mfukoni. Lakini tuangalie mahali ambapo jambo limejaribiwa, badala ya kutishana.

Tuanze kwa wale waliotuletea neno lenyewe, mutueli. Ubelgiji, mwaka 1963, ilitunga sheria mpya ya bima ya ugonjwa. Waganga wa kujitegemea wakaona wamepangiwa, na Aprili 1964 wakagoma kwa siku 18. Ulikuwa mgomo mchungu, na siusifu. Lakini serikali haikuwakataza wasikae pamoja. Iliweka meza. Mwezi wa sita mwaka huohuo yakapatikana mapatano yanayoitwa ya Mtakatifu Yohana, na tangu hapo wajumbe wa waganga na wajumbe wa mutueli wanakaa katika tume moja ya taifa kupatana bei za matibabu. Daktari asiyetaka anaweza kukataa kwa ajili yake mwenyewe, lakini wakikataa zaidi ya asilimia 40, mapatano hayashiki. Mgonjwa wa Kibelgiji anayekwenda kwa daktari aliyekubali mapatano anajua bei kabla hajaingia mlangoni, na anajua mutueli itamrudishia kiasi gani. Wabelgiji walituachia neno, wakabaki na meza. Leo washirika wao wakija kutufundisha namna ya kuendesha mutueli wanatufundisha kuchanga, kutunza daftari na kuchagua kamati, yote mazuri. Mbona somo la meza haliji?

Afrika ya Kusini ilichukua njia nyingine. Huko vyama vya waganga, hospitali na bima vilikuwa vinapatana bei kwa pamoja, mpaka wasimamizi wa ushindani wakasema hiyo ni njama, na kufikia mwaka 2004 meza ikavunjwa kwa faini. Kila mmoja abaki na bei yake. Je, bei zilishuka? Uchunguzi mkubwa wa soko la afya, ulioongozwa na Sandile Ngcobo, aliyekuwa jaji mkuu wa nchi hiyo, ulitoa ripoti ya mwisho mwaka 2019, na moja ya mapendekezo yake ni kuanzisha tena jukwaa la kupatana bei, safari hii likiwa na msimamizi. Miaka 15 baada ya kuivunja meza, waliambiwa waitengeneze upya!

Tuje karibu, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tanzania ina mfuko wa taifa wa bima ya afya, NHIF. Mfuko uliandaa orodha mpya ya bei, ianze kutumika Machi 1, 2024. Hospitali binafsi, kupitia chama chao APHFTA, zikasema bei hizi zitatuua, na zikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hazitapokea wenye kadi ya mfuko. Wagonjwa wakakuta milango imefungwa. Waliokuwa kwenye matibabu ya muda mrefu wakaambiwa watafute hospitali za serikali. Waziri wa afya, Ummy Mwalimu, akaingia kati, pande mbili zikarudi kuzungumza, na huduma zikarejea.

Wasiopenda maoni yangu watasema: ona, ndiyo hayo. Mimi nasoma kinyume. Hospitali zile zilikuwa na chama lakini hazikuwa na meza iliyowekwa na sheria, yenye tarehe, yenye mwamuzi, ambayo mfuko hauwezi kubadilisha bei bila kupita hapo. Ukimpa mtu silaha ya mwisho tu, ataitumia ya mwisho. Meza ingekuwepo, ugomvi ule ungefanyika ofisini miezi kabla, wala usingefanyika mbele ya mgonjwa mlangoni. Na jambo jingine: waliosikika ni hospitali kubwa za mijini. Kituo kidogo cha kijijini hakina waandishi wa kukipigia kelele. Chama kinamfaa mdogo kuliko mkubwa.

Kenya imeonyesha upande huo. Mfuko wao wa zamani ulifungwa ukaja mpya, SHA, Oktoba 2024, huku madeni ya zamani yakiwa bado hayajalipwa. Hospitali ndogo za vijijini na mitaani zina chama chao, RUPHA, na mwanzoni mwa 2025 chama hicho kilitangaza kwamba wanachama wake hawatatibu tena kwa mkopo. Ugomvi mkubwa hapo ulikuwa ni kulipwa kwa kazi iliyokwisha fanywa. Machi 2025 Prezida Ruto akatangaza kwamba vituo vinavyodai shilingi milioni 10 au chini ya hapo vitalipwa deni lote. Niulize: muuguzi mmoja wa kijijini, peke yake na fakture yake, angemfikia prezida wa nchi? Asingemfikia hata karani.

Sasa turudi kwetu, na tusiwe kama watu wasio na historia. Kasongo, hapa jirani, ilikuwa na jina katika shule za afya za dunia nzima. Kuanzia mwaka 1971 mradi wa Kasongo, pamoja na Chuo cha Tropiki cha Antwerp, ulijenga mtindo wa vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, vikiwa na hospitali nyuma yao. Kazi yao juu ya chanjo ya surua ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1981. Na kitu kimoja walichokijaribu ni bei moja kwa ugonjwa mzima: mgonjwa analipa mara moja, akirudi kwa homa ileile halipi tena. Bwamanda, kule Ekwateri ya zamani, hospitali ilianzisha bima yake mwaka 1986, na miaka iliyofuata zaidi ya nusu ya watu wa zoni ile walijiunga. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba bei za haki na bima ni mambo ya Ulaya. Maniema ilifundisha wengine. Tofauti ni kwamba Kasongo na Bwamanda waliopanga bei walikuwa karibu na wagonjwa, walijua mihogo inauzwa lini na barabara inakatika lini. Leo bei inapangwa na mtu ambaye hajawahi kusukuma pikipiki kwenye tope la barabara ya Kabambare.

Meza ninayoitaka kwetu si ya waganga na wenye pesa peke yao. Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wauguzi ambao ni marafiki zangu, wanaotaka chama chao kipatane bei kisha sisi tuambiwe. Hapana. Kila eneo la afya lina kamati yake ya wananchi, CODESA. Nyingi zimelala, mwenyekiti anaitwa siku ya kubeba maboksi ya chanjo tu. Ziamshwe, zikae mezani. Na pawe na kiti cha wahami chenye jina, akae mtu waliyemchagua wenyewe kwenye site na kwenye familia zinazowapokea. Asiwe ndugu wa chifu anayewasemea. Bei ikipatanwa ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili na isomwe redioni, tutaisoma bure, neno langu hilo. Muuguzi akidai zaidi ya iliyobandikwa, tutajua jina la kosa lake.

Tena upande wa kulipa ufungwe siku: fakture ilipwe ndani ya muda uliopatanwa, ukipita, kituo kiwe na mahali pa kulalamika zaidi ya kwa Mungu. Afya ya mama anayejifungua, mtoto mwenye homa kali, mtu aliyepigwa risasi na mwanamke aliyebakwa visiingie kwenye mgomo wowote, hata mazungumzo yakivunjika vipande. Chama kisichokubali sharti hilo kisipewe haki ninayoiombea.

Na barabara ihesabiwe. Bei moja kwa Kinshasa na Salamabila ni uongo uliopigwa muhuri.

Kuna wanaosema tungoje kwanza amani, tungoje mpango wa afya kwa wote uenee, halafu tutazungumza mikataba. Mimi naona kinyume chake kabisa. Mikataba ikisainiwa ndiyo imesainiwa. Mfuko mkubwa ukifika ukakuta kila muuguzi amekwisha kuzoea kuweka saini peke yake, utaendelea hivyohivyo, na miaka kumi mbele bado mtatupigia simu kuuliza kwa nini kadi inaangaliwa kama karatasi ya karanga. Wakati wa kuweka meza ni kabla ya pesa kufika, maana pesa ikifika kila mtu ana haraka.

Wabunge waliochaguliwa Kabambare na Kasongo wanaweza kuanza na kitu kidogo: kuomba kwamba sheria ya ushindani ya 2018 iseme waziwazi kuwa mapatano ya bei kati ya watoa huduma ya afya wa kujitegemea na mutueli au mfuko wa serikali, yakifanyika mbele ya wawakilishi wa wagonjwa na kuandikwa hadharani, si njama. Ni sentensi moja. Ofisi ya afya ya mkoa kule Kindu haihitaji hata kungoja Bunge ili kuwaita watu wa zoni moja wajaribu meza kwa mkataba mmoja, na Salamabila ina sababu zote za kuwa zoni hiyo.

Wauguzi nao waache kujificha. Nimewaomba waje studio wengi wenu, mnakubali usiku na asubuhi simu imezimwa, mnaogopa kupoteza mkataba. Naelewa. Sisi waripota wa redio za vijijini pia tunaletewa bei ya matangazo imekwisha kuandikwa, na tunaichukua kila mmoja kivyake, kimyakimya. Basi msije mmoja. Njooni watano, kumi, na daftari la hesabu: glavu bei gani, pikipiki bei gani, fakture ya mwisho ililipwa lini. Mwenye mutueli na mwenye mfuko nao wana nafasi yao hewani kujibu, siku hiyohiyo, kwa dakika zilezile. Viongozi wa CODESA na wajumbe wa wahami wanaotaka kuwepo wapite studio waandikishe majina.